Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Kwa Nini Daktari Huomba Kipande cha Nyama

Mtoto akivimba shavu, wazazi wengi hudhani ni jino, na mara nyingi huwa ni kweli. Lakini jino likishang'olewa, au dawa zikiisha, na uvimbe bado unakua, huenda ni limfoma ya Burkitt. Hii ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazokinga mwili dhidi ya maradhi. Huwapata hasa watoto wadogo, na hujitokeza kwenye taya au tumboni.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Baadaye aligundua kwamba hupatikana zaidi penye malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria, na huwa nadra katika nyanda zilizo juu ya mita 1,500. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Kwa hivyo huku kwetu ugonjwa huu si wa kila siku, na ndiyo maana ni rahisi kudhaniwa kuwa jino.

Kipande hicho hufanyiwa nini?

Eksirei huonyesha uvimbe ulipo, lakini haiwezi kuutaja jina. Daktari hukata kipande kidogo baada ya kumpa mtoto dawa ya kuzuia maumivu, kisha hukitia katika chupa yenye formalini ili kisioze. Katika maabara, kipande hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi. Mtaalamu wa patholojia hukitazama kwa hadubini. Chembe za Burkitt hujipanga kwa msongamano, zikiwa na madoa meupe katikati, mfano wa anga la usiku lenye nyota. Rangi nyingine maalumu huthibitisha aina ya saratani.

Jina hilo ndilo huamua matibabu. Burkitt hutibiwa kwa dawa za saratani, si kwa kuukata uvimbe wote. Tiba ikianza mapema, watoto wengi hupona.

Kwa nini haraka?

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wako wanaohofia kwamba kisu hueneza saratani. Kipimo hiki hakieneze ugonjwa huu. Kinachoupa nafasi ni kuchelewa.

Mzazi afanye nini?

- Uvimbe ukizidi kukua licha ya dawa, au meno yakilegea bila sababu, mrudishe mtoto kituoni upesi na uombe rufaa.
- Mweleze daktari uvimbe ulianza lini na mtoto ametumia dawa gani.
- Kipande kikishachukuliwa, hakikisha chupa ina jina la mtoto. Acha nambari ya simu inayopatikana, na uulize majibu yatatoka siku gani.
- Siku hiyo ikifika bila kupigiwa simu, nenda mwenyewe ukaulize.