GESI YA TOPE NA TANDO ZA KUICHAMBUA



Katika mkutano uliopita wenzetu wawili wenye mashimo ya samadi walitaka chama kitoe fedha za mfuko kununua mtambo wa kusafishia gesi. Kabla ya kupiga kura yapasa tufahamishane mtambo wenyewe ni kitu gani.

Huko Strasbourg, Ufaransa, maji machafu ya mji husafishwa, na tope linalobaki hutiwa katika matangi yasiyoingia hewa. Vijidudu hulila tope lile na kutoa gesi. Tangu mwaka 2015 gesi hiyo husafishwa kwa tando, kisha hutiwa katika mabomba ya gesi ya mji.

Gesi itokayo kwenye tope si kitu kimoja. Ni kama vishada vya karafuu vilivyoshushwa mtini, karafuu na makonyo pamoja. Katika kila sehemu 100, kiasi cha 60 hadi 65 ni methani, nayo ndiyo iwakayo. Zilizobaki karibu zote ni hewa ukaa, isiyowaka. Tena mna mvuke wa maji, na gesi kidogo yenye harufu ya mayai viza, ambayo hula chuma.

Kwanza gesi hukaushwa na kupitishwa katika makaa maalumu yanayonasa ule uvundo. Khalafu hushindiliwa mpaka nguvu yake ipite ile ya hewa ya kawaida mara 10 na zaidi, ikaingizwa katika maelfu ya mirija ya plastiki myembamba kama nyuzi. Kuta za mirija hiyo ndizo tando. Hewa ukaa hupenya ukutani upesi. Methani hupenya kwa shida, basi hutokea mwisho wa mrija ikiwa sehemu 97 au zaidi katika 100. Msidhani ni chekecheke tu, maana hewa ukaa huyeyuka ndani ya plastiki yenyewe ikatokea upande wa pili. Methani kidogo huponyoka nayo, kwa hiyo hurudishwa kwenye tando nyingine. Haifai kuiachia, kwani huongeza joto la dunia mara nyingi kuliko hewa ukaa.

Sasa khabari ya mfuko. Gesi ya samadi huwaka jikoni vile vile ilivyo. Moto wake ni hafifu kuliko wa mtungi, lakini chungu huiva. Usafi wa namna hii hutakiwa gesi ikiingia mabomba ya mji au ikiendesha magari, nasi mabomba hatuna. Na mashine ya kushindilia hula umeme usiku na mchana. Kinachowaharibia wenzetu majiko ni maji ndani ya bomba na ile gesi ya mayai viza. Hayo huondoshwa kwa mtego wa maji na kopo lililojazwa vipande vya chuma chenye kutu, ambavyo hubadilishwa vikichoka.

Shauri letu ni kuwa fedha zikae kwa majamvi ya kuanikia. Anayeona vingine na aje mkutanoni aseme, kura bado haijapigwa.

Katibu