Mafunzo ya Ngome ya Yesu



Baadhi ya wazazi hutuuliza: kuna faida gani kuwapeleka watoto Ngome ya Yesu, Mombasa, kutazama kuta kuukuu? Tunajibu kuwa Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi tuzingatie mwisho wa waliotutangulia.

Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 ili waitawale bandari. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, wakaitwaa Disemba 1698. Waingereza waliigeuza jela tangu 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Humo mna vyombo vya udongo vya kale na vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno iliyozama hapo mbele wakati wa vita hivyo.

Zingatieni: kila mwenye nguvu aliitegemea ngome hii. Wote wameondoka, ngome imebaki. Ufalme wa kudumu ni wa Allah (S.W.) pekee.

Basi tukienda tuchukue daftari, tuulize, wala tusiandike majina ukutani. Tukirudi, tuwaulize babu na bibi habari za mji wetu, tuziandike. Wao nao hawatubakii milele.

Wabillahi tawfiq.