Tiyo za radiatere: ziguse kabla ya kupanda Ngomo

Ndugu mfanyakazi, mwisho wa juma umefika na wewe una safari. Labda unashuka Uvira kwa matanga, labda unapeleka watoto Walungu kumwona koko yao. Umetia mafuta, umepima upepo wa magurudumu, umefungua kapo na kutazama maji. Vizuri. Lakini je, umezigusa tiyo za radiatere?

Wengi hawazigusi. Wanaongeza maji, wanafunga kapo, wanaondoka. Tiyo ile ya kauchu nyeusi ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na mota yote, na pengine ndiyo sababu inadharauliwa. Ikipasuka, gari linasimama mahali usipopachagua, na mara nyingine mtu anaungua uso na mikono.

Kwanza tuelewane namna kazi inavyokwenda. Pompi inasukuma maji yazunguke ndani ya mota. Yakiisha kuchukua joto, yanatoka kwa tiyo ya juu na kuingia radiatere, upepo unayapoza, kisha yanarudi kwa tiyo ya chini. Tiyo ni za kauchu kwa sababu mota inatikisika na radiatere haitikisiki. Bomba la chuma lingevunjika kati yao.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu sisi wa Bukavu. Ziwa Kivu liko karibu meta 1,460 juu ya bahari, na mji wetu umepanda juu zaidi ya hapo. Kwa urefu huu, maji ndani ya sufuria wazi yanachemka kwa digri 95 hivi, siyo 100. Mama anayepika maharagi anajua kwamba hapa moto unadai uvumilivu zaidi kuliko kule chini Uvira. Mota nayo ingepata shida hiyo hiyo kama si kifuniko cha radiatere. Kifuniko kinabana maji ndani, na maji yaliyobanwa hayachemki haraka. Kifuniko kizuri cha bari 0.9 kinawezesha maji, hapa kwetu, kufika digri 115 hivi kabla ya kuchemka. Lakini hayo yote yanategemea kwamba hakuna mahali panapovuja. Tiyo ikitoboka, ile nguvu ya kubana inapotea, na maji yaliyokuwa digri 105 yanageuka mvuke papo hapo.

Fikiri mahali ambapo jambo hilo linapenda kutokea. Unarudi kutoka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5, umepita Kamanyola, unaanza kupanda Ngomo kuelekea Nyangezi. Gari limejaa watu na magunia. Unakwenda gia ya kwanza, mota inalia, na kwa sababu mwendo ni mdogo upepo unaopita kwenye radiatere ni kidogo. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni korongo. Hapo ndipo tiyo iliyochoka inapojitoa. Kamio inayokuja nyuma haina pa kupita, na watoto wako wanashuka na kusimama barabarani.

Anayekwenda Kamituga, kilometa 180 hivi kupitia Walungu na Mwenga, ana adui mwingine: matope. Yanaziba vitundu vya radiatere, joto linapanda, na tiyo ndiyo inayolipa. Osha radiatere kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukiyapitisha kutoka upande wa mota kwenda mbele.

Kuangalia tiyo hakuhitaji mekanisie. Fanya asubuhi, mota ikiwa baridi. Bonyeza tiyo ya juu kwa vidole, katikati, kisha karibu na miisho yake yote miwili. Usiache miisho, maana ugonjwa mkubwa wa tiyo huanzia ndani, karibu na mahali inapovaa chuma. Maji na vyuma vya aina mbalimbali vinafanya umeme mdogo, kama betri, na umeme huo unapasua kauchu kutoka ndani. Kwa nje tiyo inang'aa kama mpya. Lakini vidole havidanganywi: ukisikia mwisho ni laini kuliko katikati, au kuna mfereji chini ya kidole, tiyo hiyo imekwisha. Ikiwa ngumu kama ubao, au inatoa sauti ya kuvunjikavunjika ukiibonyeza, joto limeikausha. Ikiwa imevimba na inanata, basi imekunywa mafuta ya mota. Tafuta kwanza mafuta yanatoka wapi, la sivyo tiyo mpya nayo itaharibika.

Tiyo ya chini ina tabia yake. Pompi inaivuta maji, kwa hiyo ikilegea inajifunga kama mrija ulionyonywa sana. Gari linachemka ukikimbia, na ukisimama huoni kosa. Tiyo nyingine za chini zina waya wa chuma uliozungushwa ndani kuzuia hilo. Ukibadilisha, tazama kama ya zamani ilikuwa na waya huo.

Watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha tiyo baada ya miaka 4 au 5, hata kama hazivuji. Magari mengi ya hapa yamefika yakiwa yamekwisha kufanya kazi nchi nyingine miaka mingi, na hakuna anayejua umri wa tiyo zake. Ukinunua gari la namna hiyo, hesabu bei ya tiyo pamoja na bei ya gari. Sokoni Kadutu usichukue tiyo kwa macho tu: chukua ile ya zamani mkononi, linganisha upana na mikunjo. Tiyo iliyolazimishwa kukunjwa itajibana.

Kuna dawa tunayoijua sote, kipande cha shambere ya baiskeli kinachozungushwa mahali panapovuja. Hatuikatai. Inaweza kukufikisha kijiji cha karibu, polepole. Lakini kuna magari yanayotembea na bendeji hiyo tangu msimu wa mvua uliopita, na hayo tunayakataa.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya saa moja. Mota iwe baridi kabisa. Toa maji ndani ya beseni. Legeza kolie. Kama tiyo imegandama, ikate kwa kisu kwa urefu wake, usiitekenye kwa turnevisi: shingo ya radiatere ni laini, nyingine ni plastiki, nayo ikivunjika utanunua radiatere. Safisha shingo kwa karatasi ya msasa. Usipake grese wala mafuta. Maji kidogo yanatosha kuiteleza tiyo mpya. Kolie ikae nyuma ya ule ukingo wa shingo, ikazwe bila kukata kauchu. Jaza maji pamoja na dawa ya radiatere, washa mota kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu ya kwanza yaishe, kisha funga. Baada ya safari ya kwanza, mota ikiisha kupoa, kaza kolie tena.

Ikiwa mshale wa joto umepanda njiani, simama mahali panapoonekana, zima mota, vuta breki, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Watu washuke upande wa mlima. Weka matawi barabarani kuonya wengine, na ukiondoka, toa mawe na matawi hayo. Kisha ngoja. Usifungue kifuniko! Nusu saa ni kidogo kabisa. Shika kitambaa kinene, bonyeza tiyo ya juu: ikiwa bado ngumu, nguvu iko ndani na maji yatakurukia. Ikilegea, zungusha kifuniko polepole, uso ukiwa mbali. Maji baridi usiyamimine ndani ya mota yenye moto, yanaweza kupasua chuma.

Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi, yanayotiririka, dakika 20. Bidoni la maji ya safari lina kazi hiyo pia. Vua nguo na pete haraka, ila nguo iliyonata usiing'oe. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali, hasa ikiwa ni uso, mikono au mtoto mdogo.

Na wewe mama, neno moja kuhusu ile dawa ya radiatere ya rangi ya kijani au nyekundu. Nyingi zina sumu inayoharibu figo, na utamu wake unawavuta watoto na mbwa. Usikubali baba aiache ndani ya chupa ya limonade chini ya kitanda. Beseni la maji yaliyotolewa nalo lisilale uani usiku.