Klabu Nyingi, Usingizi Mchache

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayetamani kusomea uhandisi nchini Marekani huambiwa mapema kwamba alama pekee hazitoshi. Basi hujiunga na kila klabu: roboti, mdahalo, hisabati, mazingira. Mzazi hufurahi, kumbe mtoto analala kwa saa nne tu kila usiku.

Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya huko, ina nafasi 10 za shughuli. Hakuna sharti la kuzijaza zote. MIT huuliza nne tu. Kijana aliyetengeneza pampu ya kisima cha shule, ikamharibikia mara tatu, naye akaandika sababu ya kila hitilafu, ana la kueleza kuliko mwenye rundo la vyeti vya mahudhurio. Hata kulea wadogo nyumbani huhesabiwa, jambo ambalo wengi huona haya kulitaja.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18, kwani usingizini ndimo ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana. Kijana anayefika kliniki akilalamikia kichwa na usahaulifu, pamoja na vipimo, aulizwe pia hulala saa ngapi.