Hesabu Iliyomo Ndani ya Ngoma

Watu wengi hudhani kwamba mpiga ngoma hodari huzaliwa na ufundi wake. Sivyo. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, na bara yake hata Newala, ngoma hupigwa kwa mpango. Ziko kubwa zenye mvumo mzito, na ndogo zenye sauti nyembamba. Kwanza ngozi huoteshwa moto ili zikaze na sauti zipatane; kisha kila mpigaji hushika mapigo yake asiyaache. Akikosea mmoja, wachezaji hupotewa na miguu, na mchezo wote huharibika.

Siri ya mapigo hayo ni hesabu. Wanafunzi wawili na wahesabu pamoja, moja hata sita, bila kuharakisha. Wa kwanza apige makofi penye moja, tatu na tano. Wa pili apige meza penye moja na nne. Mmoja atapata mapigo matatu, mwenziwe mawili, nao watakutana daima penye moja. Mwanzo mikono itakataa. Basi wafanye polepole, kila siku kidogo, wala wasiongeze mwendo mpaka mikono imetii. Mwenye haraka huficha makosa yake, wala hayaondoi.

Lakini mkono peke yake hautoshi. Wimbo usioandikwa hukaa moyoni mwa mwimbaji, na pengine huzikwa pamoja naye. Katika karne ya 19, Mwingereza John Curwen alieneza namna ya kuandika nyimbo kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Kila herufi ni sauti moja, na nukta mbili hutenga pigo na pigo. Namna hiyo ilifundishwa katika shule nyingi za misheni za Afrika.

Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, alitunga wimbo, naye aliandika nyimbo zake kwa herufi hizo. Alikufa mwaka 1905, lakini wimbo haukufa naye. Mwaka 1961 sauti yake ikawa ya wimbo wa taifa la Tanganyika, Mungu Ibariki Afrika, uimbwao na watoto wa Lindi hata leo.

Basi mkono ujifunze kuhesabu, na jicho lijifunze kusoma. Wazee wa Kilwa na Lindi wanazo nyimbo nyingi vifuani mwao. Ajuaye kuziandika ndiye atakayewarithisha wajukuu.