Vibao vya Kijivu Kwenye Simu: Vinatufaa au Vinatupumbaza?

Ukifungua ukurasa wa intaneti kwenye simu, mara nyingi kabla ya habari yenyewe kutokea huona vibao vya kijivu: duara mahali pa picha, mistari mahali pa maneno. Tuviite kiunzi, kwa kuwa ni kama nyumba iliyosimamishwa nguzo na fito, udongo bado haujakandikwa.

Jina la mtindo huu lilienezwa mwaka 2013 na Mmarekani Luke Wroblewski. Yeye na wenzake waliweka kiduara cha kuzunguka katika programu yao ya simu, Polar, kuonyesha kwamba kazi inaendelea. Watumiaji wakalalamika kuwa wanangojeshwa mno. Mfanyakazi wa zamu hahitaji kuelezwa sababu: ukiikodolea macho saa ya ukutani, haisogei.

Kiunzi kina faida. Kikiwa na vipimo sawa na vya habari inayokuja, huishikia nafasi yake, na maandishi hayarukiruki ukabonyeza kitufe usichokusudia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa.

Lakini kiunzi hakiongezi mwendo hata kidogo. Mzigo ni ule ule na njia ni ile ile. Mwaka 2017 kampuni ya Viget ya Marekani ilifanya jaribio, na walioonyeshwa kiunzi walikadiria kwamba wamengoja zaidi kuliko walioonyeshwa kiduara. Majaribio mengine yametoa majibu ya kinyume. Basi anayedai kiunzi ni dawa ya kila ukurasa mzito anajisifu bure.

Ubaya zaidi ni pale mtandao unapokatika. Vibao hubaki vikimetameta kana kwamba kuna kitu njiani. Mtu anayetuma karo ya mtoto hajui kama fedha zimekwenda. Anabonyeza tena, na pengine anatuma mara mbili. Fundi mwenye kujali huweka kikomo cha sekunde kadhaa, kisha ukurasa unasema wazi: mtandao umekatika, fedha hazijatumwa. Kama hana hakika, aseme hivyo, na aonyeshe mahali pa kuhakikisha.

Tena wako wenzetu wasioona, wanaosomewa ukurasa kwa sauti na simu. Kwao kibao cha kijivu ni kimya kitupu, ila fundi akiandika nyuma yake maneno mawili tu: ngoja kidogo.