CHAVUA YA NYUKI: NI CHAKULA, SI DAWA YA MTOTO ALIYEKONDA



Wenzetu wengine wakienda Bujumbura kusalimia jamaa zao wa Mutakura hurudi na kikopo cha vijipunje vya manjano. Wameambiwa ni chavua ya nyuki, kwamba inaongeza damu na kunenepesha mtoto. Mmetuuliza kama ni kweli.

Chavua ni vumbi la maua. Nyuki hulikusanya kwenye mahindi, alizeti na mikaratusi, hulishikanisha kwa asali kidogo, hulibeba miguuni na kulisha watoto wao. Mfugaji huweka wavu mlangoni mwa mzinga; nyuki akijipenyeza, punje zinadondoka chomboni. Si kitu kigeni. Aliyewahi kutafuna masega ya mzinga wa mtini amekutana na vishimo vyenye kitu kikavu, kichungu kidogo, wala si asali. Ndiyo hiyo.

Ni chakula cha kweli. Karibu sehemu moja kati ya tano ya uzito wake ni protini, yaani ile inayojenga mwili. Lakini angalieni kipimo. Kijiko kidogo kina takriban gramu 1 ya protini. Yai moja lina kama gramu 6. Maharagi makavu gramu 50, yaani konzi moja, yana zaidi ya 10. Ndagala waliokaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Basi mama anayeuza maharagi ya posho ili anunue chavua anapata hasara, hata kama muuzaji ni mwaminifu kabisa. Kwamba inaponya magonjwa, hilo halijathibitishwa. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za ukimwi asiziache.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 aliyekonda, au aliyevimba miguu, apelekwe kituo cha afya akapimwe mkono kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu: anahitaji chakula cha tiba, ile paste ya karanga ya pakiti, wala si kijiko cha chavua.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe chavua wala asali. Humo huweza kuwa na vijidudu visivyomdhuru mtu mzima, lakini kwa mtoto mchanga hulegeza misuli mpaka kupumua kunamshinda. Wajawazito na wanaonyonyesha waiache pia.

Aliyekwisha kununua, aiangalie. Ikiwa na unyevu au ukungu, itupwe. Mwenye pumu, au anayevimba sana akiumwa na nyuki, asionje hata kidogo. Wengine waanze na punje mbili tatu, wangoje siku nzima. Midomo ikivimba, mwili ukiwasha au pumzi ikibana, msingoje asubuhi: mpelekeni mgonjwa kituo cha afya saa hiyo hiyo, na kikopo mkichukue.